Kengele ya Montreal: Bret Hart aliibiwa nini katika mieleka ya kupangwa?

Kanda ya pambano lile ilifika mtaani kwetu Tanga muda mrefu baada ya pambano lenyewe, kama zilivyofika kanda zote za mieleka, imerudufiwa mara nyingi hadi nyuso zinacheza. Tulijazana kwenye mabenchi ya banda la video, watoto mbele, wakubwa nyuma. Tukamwona Bret Hart amelazwa kifudifudi katikati ya ulingo, miguu yake imekunjwa na kukaliwa na Shawn Michaels, na sisi tunasubiri ajinasue kama kawaida yake. Mara kengele ikalia. Hakuna aliyegonga chini kusalimu amri. Hakuna aliyebanwa mabega. Kisha Bret akasogea kwenye kamba, akamtazama mwanamume aliyesimama chini ya ulingo, akamtemea mate usoni.

Kaka aliyekuwa akiendesha banda alirudisha kanda nyuma mara tatu, na kila mara mabishano yakazidi. Waliosema mieleka ni maigizo walisema hata mate yale ni maigizo. Waliokuwa wakiamini kila ngumi walisema refa kahongwa. Nyuma kabisa alikaa mzee mmoja aliyekuja kumtafuta mjukuu wake akajikuta anatazama. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Kama mshindi anapangwa kabla, huyu kijana anachokasirikia ni nini?"

Hakuna aliyemjibu siku ile. Nimelibeba swali lake miaka yote hii, na bado sijapata njia bora ya kuingilia kisa cha tarehe 9 Novemba 1997, ukumbi wa Molson Centre, Montreal, Kanada, mbele ya watazamaji zaidi ya 20,000.

Tuanze na hilo neno "kupangwa". Katika mieleka ya kulipwa ya Marekani mshindi huamuliwa kabla ya pambano, na hilo si siri tena. Mwaka 1989 kampuni ya WWF, ambayo leo tunaijua kama WWE, ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, ili itoke chini ya mamlaka iliyosimamia michezo kama ndondi. Lakini kinachopangwa ni mwisho, pamoja na vituo vichache vya njiani. Sehemu kubwa ya yaliyobaki huungwa palepale ulingoni, watu wakinong'onezana huku wamekabana shingo, na refa akipitisha ujumbe kati yao kama mtu wa tatu katika ngoma.

Uzito wa mwili haupangiki. Ukiinuliwa miguu juu kichwa chini, shingo yako si yako tena. Iko mikononi mwa aliyekuinua. Miezi mitatu kabla ya Montreal, tarehe 3 Agosti 1997, katika onyesho la SummerSlam, Owen Hart, mdogo wake Bret, alimgeuza mpinzani wake Steve Austin namna hiyo na kumshusha vibaya. Kichwa kikatangulia. Austin akalala pale hawezi kusogeza mikono wala miguu kwa muda, na jeraha lile la shingo likamsumbua hadi mwisho wa kazi yake. Owen hakukusudia. Ila tukio lile linaonyesha kazi hii imesimama juu ya nini: nakupa mwili wangu, unaurudisha ukiwa mzima, kesho nami nakufanyia vivyo hivyo.

Na mkanda wa ubingwa je? Mkanda ni mali ya kampuni. Anayeuvaa ni yule ambaye kampuni inaamini jina lake litajaza kumbi na kuuza maonyesho ya televisheni ya kulipia. Kwa hiyo kwa wenyewe, kuwa bingwa ni kama kukabidhiwa usukani wa basi lililojaa abiria. Upo pia utaratibu wa miaka mingi, haujaandikwa popote: anayehama kampuni hushindwa kabla hajaondoka, amwachie anayebaki jina na hadhi. Shika hilo, maana nusu ya ugomvi wa Montreal imo humo.

Bret Hart alizaliwa Calgary, Kanada, katika familia ya watoto 12. Baba yao, Stu Hart, alikuwa promota wa mieleka na mwalimu asiye na huruma, na chumba cha chini ya nyumba yao ndimo walimopikwa wanamieleka wengi waliokuja kujulikana duniani. Bret aliichukulia kazi hii kama fundi seremala anavyouchukulia ubao. Alijivunia kwamba pigo lake linaonekana la kweli na halimuumizi mtu. Alijiunga na WWF mwaka 1984, akapanda taratibu, na kufikia mwaka 1997 alikuwa na mkanda mkuu kwa mara ya tano, aliomnyang'anya mwanamieleka The Undertaker katika onyesho lilelile la SummerSlam.

Nyuma ya pazia, WWF ilikuwa inakabwa. Kampuni ya WCW, iliyokuwa ya tajiri wa televisheni Ted Turner, ilianzisha kipindi chake cha Nitro mwezi Septemba 1995, usiku uleule wa Jumatatu ambao WWF ilikuwa na kipindi cha Raw. Ikaanza kuwachukua nyota mmoja mmoja. Kuanzia katikati ya mwaka 1996 Nitro iliishinda Raw kwa watazamaji zaidi ya wiki 80 mfululizo. Bret naye alifuatwa na WCW mwaka huohuo na kuahidiwa karibu dola milioni 3 kwa mwaka. Alikataa. Alibaki kwa Vince McMahon, mmiliki wa WWF, kwa fedha pungufu, lakini kwa mkataba wa miaka 20: angepigana miaka michache, kisha angebaki kama mshauri na mzee wa nyumba. Kwa mtu aliyekuwa akimwona Vince karibu kama baba, ule ulikuwa mkataba wa kuzeekea kazini.

Haukumaliza mwaka. Mnamo vuli ya 1997 Vince alimwambia Bret kwamba kampuni haiwezi kuubeba mkataba ule, na ni afadhali akazungumze tena na WCW. Hapo ndipo uzi unapoanza kujikunja. Bret hakuwa mtoro. Aliyemfungulia mlango ni mwajiri wake mwenyewe. Mwanzoni mwa Novemba alitia saini WCW, kazi ianze Desemba. Tatizo likabaki moja, linang'aa kiunoni mwake.

Vince alitaka Bret ashindwe na Shawn Michaels pale Montreal. Bret akakataa, na sababu zake zilikuwa zaidi ya moja. Kwanza, mwaka ule mzima WWF ilikuwa imemfanya bingwa wa Kanada dhidi ya Marekani. Akipigana Marekani alizomewa kama adui. Akivuka mpaka tu anageuka kuwa staringi, na watu wanapeperusha bendera kwa ajili yake. Kumwangusha nchini mwake, siku zake za mwisho, aliona ni kuwatemea watu wale. Pili, yeye na Michaels walikuwa hawapatani kwelikweli. Mwezi Juni 1997 walipigana ngumi za kweli chumbani, bila kamera wala tiketi. Kwa maelezo ya Bret, alimwambia Michaels hana shida kushindwa naye kazi ikihitaji, na Michaels akamjibu kwamba yeye hatafanya hivyo kwa Bret. Kwa watu wa kazi hii jibu la namna hiyo ni tusi zito kuliko ngumi, maana linavunja ile nipe nikupe niliyoieleza juu.

Tatu, alikuwa na karatasi. Mkataba wake ulimpa sauti ya haki juu ya namna atakavyotumiwa katika siku zake 30 za mwisho. Kisheria alikuwa na mahali pa kusimama.

Sasa mpe Vince haki yake, kwa sababu wapenzi wengi wa Bret huruka sehemu hii. Desemba 1995 mwanadada aliyekuwa bingwa wa wanawake wa WWF alihamia WCW akiwa bado na mkanda, na usiku wa kwanza tu, hewani, akautupa kwenye pipa la taka. Picha ile haikumtoka Vince. Tena Jumatatu iliyofuata Montreal, WCW ingeweza kuutangazia ulimwengu kwamba bingwa wa WWF ni mtu wao. Kampuni iliyokuwa inapumulia puani haikuwa na nafasi ya aibu ya aina hiyo.

Hata hivyo, nikipima yote mawili, hofu ile hainitoshi. Bret hakuwa mtu wa kutupa mkanda kwenye pipa. Alikwishaukataa utajiri mara moja kwa ajili ya kampuni ile. Alikuwa bado na wiki kadhaa za kazi. Alijitolea kushindwa mahali pengine, siku nyingine, na hata kuukabidhi mkanda kesho yake, Raw ilipokuwa Ottawa. Njia zilikuwepo. Na mchana wa siku ya pambano, Vince alikubaliana naye kwa mdomo: pambano litavurugika, makundi ya pande zote mbili yataingia ulingoni, litaishia kwa kuvunjwa kanuni. Mwisho wa namna hiyo hauhamishi mkanda. Hili halitegemei neno la Bret peke yake. Waandaaji wa filamu ya hali halisi walikuwa wakimfuatilia mwaka ule, na mazungumzo hayo yalinaswa na kipaza sauti alichokivaa.

Wachache walikuwa na mpango mwingine, na zaidi ya mtu mmoja amejitaja kuwa ndiye aliyetoa wazo. Michaels alijua. Refa Earl Hebner, rafiki wa Bret, aliambiwa muda mfupi kabla ya kupanda ulingoni. Bret anasimulia kwamba alikwisha kunusa kitu, akamtaka Hebner asimwangushe, na Hebner akamwapia kwa watoto wake.

Tukaribie sasa ulingoni, kwa maana jambo lenyewe ni dogo na lilichukua sekunde.

Kabali ya Sharpshooter ndiyo iliyokuwa saini ya Bret. Unamlaza mtu chali, unapitisha mguu wako katikati ya miguu yake, unaipishanisha miguu yake kuuzunguka mguu wako, unaikumbatia, kisha unavuka juu yake huku ukimgeuza alale kifudifudi, na unajikalisha nyuma kidogo kana kwamba unakaa kwenye kigoda. Jaribu kumfanyia ndugu yako sebuleni asiyetaka kugeuzwa: haigeuki. Anayefungwa lazima asaidie. Lazima abiringike mwenyewe. Na akishalala kifudifudi, mgongo umepinda, hamuoni tena mpinzani wake. Anaona turubai la ulingo na kamba za mbele yake.

Waliafikiana kwamba Michaels amfunge Bret kwa kabali yake mwenyewe, kwa dharau, mbele ya Wakanada. Bret angeudaka mguu wake, angemwangusha, angemgeuzia kibao, na kutoka hapo vurugu ingeanza. Bret akakubali kulala. Akabiringika. Michaels akaketi. Hebner, aliyekuwa ameangushwa muda mfupi kabla kama sehemu ya mchezo, akainuka, akatazama, akaashiria kengele. Chini ya ulingo Vince mwenyewe alikuwa akimfokea mpiga kengele aipige. Ikalia. Ukitazama kanda kwa utulivu unauona mkono wa Bret ukiushika mguu wa Michaels na kumwangusha, sawasawa na makubaliano, ila muziki wa Michaels umeshaanza kupigwa. Refa alikuwa anakimbilia mlangoni, ambako gari lilikuwa likimsubiri.

Baada ya kumtemea Vince mate, Bret alivunja televisheni za watangazaji kando ya ulingo. Kisha akawageukia watu wake, akaandika kwa kidole hewani herufi tatu: W, C, W.

Michaels aliondolewa haraka na mkanda wake huku akijifanya amekasirika, na chumbani akaapa hakujua lolote. Ilipita miaka kadhaa kabla hajakiri. The Undertaker, aliyeheshimiwa kama mzee wa chumba kile, alimwendea Vince na kumtaka akamwombe Bret radhi. Vince akaenda. Bret alimwambia aondoke kabla yeye hajamaliza kuvaa, maana akimkuta bado yupo atampiga. Vince hakuondoka. Ngumi ilikuwa moja. Kamera ya wale waandaaji wa filamu, iliyobaki nje, ilimnasa bosi wa WWF akitoka kwenye korido anapepesuka.

Nafahamu wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba yote haya yalipangwa na Bret akiwemo. Nimewasikiliza na siwaoni wakisimama. Mtu anayeshiriki igizo hapotezi jukwaa lake kwa miaka 12. Shemeji zake Davey Boy Smith na Jim Neidhart waliiacha kampuni wakamfuata WCW. Mwanamieleka mwenzake Mick Foley aligoma kwenda kazini Ottawa kesho yake, ingawa kuvunja mkataba kungemgharimu, kisha akarudi. Mwanamieleka Rick Rude naye alihama kwa namna ya ajabu: Jumatatu ya tarehe 17 Novemba alionekana Raw, iliyokuwa imerekodiwa siku kadhaa kabla, ana ndevu, na usiku huohuo akawa Nitro, mubashara, ana masharubu tu. Watu hawavurugi riziki zao hivyo kwa ajili ya igizo la mwenzao. Na Montreal haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1985, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Wendi Richter alivuliwa mkanda wa wanawake wa kampuni hiyohiyo na mpinzani aliyevaa kinyago, refa akihesabu haraka mabega yake yakiwa chini.

Jibu langu kwa yule mzee wa Tanga, basi, ni hili. Mzee, Bret hakukasirikia kushindwa. Alikwisha kushindwa mara mamia kwa makubaliano, na alikuwa stadi wa kumfanya aliyemshinda aonekane simba. Kilichomuumiza ni kwamba alizungukwa akiwa amelala kifudifudi kwa hiari, katika dakika ileile ambayo kazi yao inamtaka mtu aache kujilinda. Walitumia uaminifu wake kama kamba ya kumfungia. Kupangwa ndiko kulikofanya jambo lile liwe la kweli, maana pasingekuwa na makubaliano kusingekuwa na cha kuvunja.

Vince alitokea kwenye televisheni siku chache baadaye, jicho bado lina alama, akasema maneno ambayo wapenzi wa mieleka wanayakumbuka neno kwa neno: Bret ndiye aliyemponza Bret. Alitarajia kueleweka. Akachukiwa. Hadi hapo watazamaji wengi walimjua zaidi kama mtangazaji. Sasa wakamwona tajiri mwenye mkono mrefu, anayempora mfanyakazi wake mchana kweupe. Hapa lazima nimkubalie kwamba aliisoma hewa vizuri. Badala ya kujisafisha, aliivaa chuki ile ikawa vazi lake la kazi. Akawa Bwana McMahon, bosi dhalimu, na mbele yake akasimamishwa Steve Austin, yuleyule aliyeumizwa shingo Agosti, kibarua mkaidi asiyepangiwa. Kila mtu aliyewahi kutamani kumchapa bosi wake aliwasha televisheni. Machi 1998 Austin alimnyang'anya Michaels mkanda. Aprili 13 Raw iliishinda Nitro kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1996. Machi 2001 Vince aliinunua WCW yenyewe.

Bret huko WCW hawakujua wamfanyie nini. Mei 1999 mdogo wake Owen, aliyebaki WWF kwa kuwa mkataba ulimfunga, alianguka kutoka juu ya ukumbi mjini Kansas City akiwa anateremshwa kwa kamba kuja ulingoni, akafariki. Desemba mwaka huohuo teke la mwanamieleka Goldberg lilimtikisa Bret ubongo, na mwaka 2000 akastaafu. Mwaka 2002 alipata kiharusi baada ya kuanguka na baiskeli, ikambidi ajifunze upya kutembea. Nayaandika haya upesi kwa sababu sipendi kuyaandika.

Hebner kwa miaka kila alipopanda ulingoni, hasa Kanada, alizomewa kwa jina la Bret.

Januari 4, 2010, Bret alirudi Raw. Alimwita Michaels, wakasimama uso kwa uso, wakasema yaliyokuwa vifuani, wakapeana mikono, kisha wakakumbatiana. Nilitazama nikiwa mtu mzima, peke yangu, na nilihitaji muda kidogo kabla ya kuinuka kitini. Usiku huohuo Vince alikuja kujifanya anapatana naye, akampiga teke. Hadithi mpya ilikuwa imeanzishwa, na safari hii Bret alikuwa ndani yake kwa ridhaa. Machi 28, katika onyesho la WrestleMania ya 26, walikutana. Bret, mtu aliyenusurika kiharusi, hakuweza tena kuangushwa kama zamani. Alifika mahali akaikamata miguu ya Vince, akaipishanisha, na Vince McMahon, umri miaka 64, akabiringika mwenyewe akalala kifudifudi. Akagonga chini. Kengele ikapigwa pale walipokubaliana ipigwe.